Mume Wangu Ataka Kuukata Mwembe wa Marehemu Mwanetu

Bi Shukri mpendwa, assalaam alaykum.

Nakuomba unisaidie kabla sijatamka neno lisilorudi. Mimi ni mke wa mkulima huku Pate, na mume wangu Yunusi ana shamba la miembe upande wa Mtangawanda aliloachiwa na babake, na Mungu alitujalia mtoto mmoja tu, Safaa, ambaye siku moja alikula embe ngowe akalilamba kokwa mpaka likawa jeupe, kisha akalifukia karibu na kisima, akawa akilinyeshea kwa kopo na kutukataza tusipite karibu, na mche ukamea, na ulipomfika magotini homa ya uti wa mgongo ikamchukua, hata miaka minane hajatimiza. Mwembe ukakua bila yeye. Lakini hauzai ngowe, wazaa maembe madogo yenye nyuzinyuzi yasiyo na mnunuzi, nami huyaokota nikawapa watoto wa chuoni, wasomao Kurani, wamuombee.

Mwaka jana walikuja watafiti wa miti ya matunda, mkubwa wao binti wa bara aitwaye Jeruto, wakatueleza kuwa mwembe usiozaa vizuri si lazima ung'olewe, waukata usawa wa kiuno, ukichipua wabebesha vijiti vya mwembe wa mbegu bora juu ya yale machipukizi, na baada ya misimu michache wazaa embe la kuuzika. Walianza kwa jirani yetu Bwana Muhdhar, na wallahi nimeiona miembe yake, vijiti vimeshika, majani yamejaa. Yunusi akakubali, akawapa miembe yote ya upande wa kisimani, nami nikadhani ule mmoja ameuacha, hata sikuuliza, kwani hilo nalo ni la kuuliza?

Siku ya kukata nilipeleka chai, nikakuta mwembe wa Safaa umetiwa alama ya chokaa na fundi ameshauwasha msumeno wa mashine, nikatupa birika nikaukumbatia mti. Jeruto akamwambia fundi azime.

"Pole sana, mama," akaniambia, "hakuna mtu aliyenieleza."

Yunusi hakusema pole. Alisema mbele ya watu wote, "Asmaa, toka hapo. Kila nikipita ndia hii mato yangu yamuona yeye. Nataka uwe mti kama miti mingine."

Bi Shukri, tangu tumzike hajalitaja jina la mtoto, na hata siku ile hakulitaja. Nikamjibu, "Ukiukata huu, nikate na mimi." Nikaondoka na buibui langu tu, nikaja Kizingitini kwa dadangu Ummu, naye asema asiye na huruma na mwanawe hatakuwa nayo kwangu, nidai talaka. Jeruto amenipigia, asema wiki ijayo wanarudi kumaliza, Yunusi ameshamwambia akate, lakini yeye hataki kuugusa bila neno langu. Mume wangu hapigi simu. Nifanyeje?

Asmaa

*

Bi Asmaa, wa alaykumu salaam.

Mungu amrehemu Safaa na awape subira nyote wawili. Nasema wawili makusudi, maana barua yako imejaa uchungu wa mmoja.

Umemsikia Jeruto, umemsikia dadako, mumeo hukumsikia. Mwanamume mzima amesimama mbele ya watu wa kazi akakiri kuwa hawezi kuupita mti bila kumuona mwanawe, nawe umeelewa kuwa hana huruma? Mti huo wewe wakupoza. Yeye wamchoma.

Simtetei. Shamba ni lake, lakini mtoto ni wenu. Kukuacha uipate habari kwa alama ya chokaa ni ukatili, hata kama hakuukusudia. Ila na wewe umekosea kwa kuhama nyumba na kumfanya Ummu kadhi wako. Talaka haidaiwi kwa hasira ya asubuhi moja.

Sasa fanya hivi. Mpigie Jeruto leo, mwambie mwembe huo auweke kando msimu huu. Utafiti wao hautakufa kwa mti mmoja. Nimemuuliza mtu anayeijua kazi ya kubebesha, ameniambia kuwa mara nyingi huachwa tawi moja zima liulishe mti mpaka vijiti vishike, na mwenye shamba akitaka, tawi hilo hubaki likizaa maembe yale ya zamani. Kwa hiyo ipo njia ya katikati. Lakini usiipeleke kwa Yunusi kabla hujampelekea masikio.

Na ujiandae, huenda ukamsikia mpaka mwisho, ukaona mwenyewe kwamba mti ukatwe. Mizizi na shina vitabaki vile vile alivyovipanda mwanao. Kijiti cha mbegu bora kitalishwa na mizizi hiyo hiyo. Tumefundishwa kuwa mti ukiliwa na mtu au ndege, aliyeupanda ana sadaka. Watoto wa chuoni watakula embe tamu, na thawabu itamfikia yule yule.

Kesho panda mashua urudi kwako. Usipeleke wazee, usipeleke dada. Ukifika usiutaje mwembe. Keti na mumeo, ulitaje jina la Safaa, kisha unyamaze. Akianza kulia, usimzuie.

Bi Shukri