Na Mama Mkwe kwenye Basi la Puno

Jumanne, 3 Juni 2025 — Cusco

Hii ilikuwa likizo yangu. Yangu peke yangu! Begi la mgongoni, mabasi, milima ya Andes, basi. Sasa nalala chumba kimoja na mama mkwe. Mume wangu Alvin alipoona siahirishi safari, akamkatia mama yake tiketi — eti mwanamke hasafiri peke yake. Mama Margaret naye kakubali, na umri wake huo. Kaja na sanduku la magurudumu. Njia za hapa ni mawe matupu. Aliyelivuta kutoka stendi ni nani? Mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Kichwa kinamgonga Mama. Huku juu hewa haitoshi. Mwenye nyumba ya wageni kamletea chai ya majani ya koka, yale ya kokeini, eti ndiyo dawa ya kichwa huku milimani, kaisukuma pembeni. Anasema hakufanya unesi maisha yake yote ili aje kunywa dawa za kulevya uzeeni.

Alvin kapiga simu. Safari hakuuliza. Kaeleza gereji ya nyumba ya kule Blaine, kitongoji kisichofikiwa na mabasi, eti magari mawili yanaingia. Nyumba aliyosaini kuinunua bila kuniuliza! Mimi siendeshi gari. Columbia Heights tunapokaa sasa, natoka mlangoni napanda basi, nafika kazini. Blaine nitatokaje bila yeye kunitoa? Nilimwambia nikirudi nitampa jibu langu. Anadhani ni jibu la rangi ya jikoni.

Ijumaa, 6 Juni

Basi la Puno limeahirishwa hadi kesho. Mama kafurahi, kaomba jiko, kasonga ugali. Kabeba unga kutoka kwake Champlin! Nimekula. Nimekula sana. Hilo nalo linaniudhi.

Jumamosi, 7 Juni — njiani

Tulipanda, tukapanda. Mama kashikilia kiti cha mbele, anasali kwa sauti, watu wanageuka. Karibu na kilele, basi likasimama. Wanakijiji wamefunga barabara kwa mawe, wanagombania maji yao. Magari hayapiti, watu wanapita. Kondakta akasema anayekwenda Puno avuke kwa miguu, ng'ambo kuna basi jingine. Hili linarudi Cusco.

Nikamwambia Mama turudi, pumzi yake haitoshi. Nilisema kwa upole. Moyoni nilikuwa nachemka.

Hakunyanyuka.

"Wema, unajua Alvin alinituma?"

Nikasema najua.

"Alisema niku-convince urudi mapema, mhamie Blaine. Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nitakurudisha."

Akatazama nje, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema baba yake Alvin alimkataza kuendesha gari miaka mingi.

"Winter zote nilikuwa naangalia tu kwa dirisha. Na hakuna mtu alikuja kuniuliza uko aje."

Kisha kashuka. Bila kunisubiri!

Sasa tuko katikati ya mawe. Kakaa chini, anahema, kaniinulia kidole nisiseme neno. Basi letu limeshageuza, limeondoka. Lile la ng'ambo linapiga honi. Nimemwuliza kama ataweza. Anavuta pumzi. Naandika ili nisimgombeze.

Simu yake imelia. Alvin. Kaitazama, kanikabidhi mimi, kageuza uso.

Imekatika.

Inalia tena. Naweka kalamu, nimpe jibu langu —