Jivu la Jiko Jipya

Mheshimiwa mdogo wangu,

Salamu ni za mama, ndiye kaniagiza nikupe, mimi sina. Bati la jikoni nimeliziba, halivuji tena. Ile picha yako ya gazetini, ukipokea tuzo ya mazingira ya shule za wilaya nzima, mama aliibandika juu ya kitanda chake. Hongera.

Yale majiko yako ya kuokoa miti uliyoyaleta shule ya kijijini kwetu yanapendeza kweli. Ila midomo yake ni midogo, sufuria la shule halikai. Mama, anayewapikia watoto wa shule hiyo miaka yote, alikupigia simu kukuambia. Ukamjibu, "Mama, hayo tuachie sisi wataalamu." Basi akaendelea kupikia kwenye mafiga nyuma ya stoo, kuni mbichi, moshi mtupu.

Siku ulipoleta wageni ulichovya kidole ndani ya jiko, ukawaonyesha jivu. "Mnaona? Linatumika!" Wakapiga makofi. Mama alikuwa mlangoni anakohoa, ukamwambia asogee kando, anaharibu picha.

Lile jivu lilitoka kwenye mafiga. Alilibeba mwenyewe alfajiri kwa karai, akalimwaga kwenye jiko lako, usije ukaumbuka mbele za watu.

Sasa kalazwa, anapumua kwa hewa ya mtungi. Jana aliisogeza barakoa kidogo, akaniuliza kama jiko lako bado lina jivu, maana wageni wako wanaweza kurudi.

Nimemwambia lipo.

Dada yako