Siku Uliyomtembeza Bwana Shauri Mtaani Kwetu

Wifi yangu mpenzi,

Tumebaki! Naanza na hilo kabla hata ya salamu, maana tangu jana kalamu haitulii mkononi kwa furaha. Tangazo lilibandikwa ukutani pale sokoni, likasomwa kwa sauti mara tatu kwa sababu watu hawakuamini mara ya kwanza. Mtaa wetu hauvunjwi. Umeingizwa ndani ya mpaka wa mji wa Arusha, na bomba la maji litafika kabla ya masika.

Ulipomfuata shemeji kwenye kazi yake ya reli huko Tanga, ulituacha hatujui tutahamia wapi. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza. Kazi hii ni yako.

Unakumbuka asubuhi ile? Nilikuwa na wiki mbili tu tangu kaka yako Elia anioe na kunileta kutoka Oldonyo Sambu. Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani, nikiogopa hata kuuliza bei ya chumvi. Ukaingia mbio jikoni: "Wifi, acha hizo ndizi! Bwana shauri anakuja. Wamemwambia huku pembeni ya mji kuna vibanda vya wapita njia tu, vya kuvunjwa. Twende tukamwonyeshe watu."

Ukamsubiri njiani mkuu huyo wa wilaya, kanga yako imefungwa vizuri, ukamwamkia, kisha ukaanza kumtembeza kama mgeni wako. Hapa anakaa fundi baiskeli. Hapa mama wa Kisomali anayeuza maziwa. Hapa mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili. Nyuma yako nilikuwa mimi, nami nikiyasikia majina hayo kwa mara ya kwanza. Karani wake alitafsiri nusu nusu, akiangalia saa. Bwana alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo," bila kusimama.

Tukafika kwa Mzee Lembris, yule Mwarusha mshona viatu. Bwana akauliza mzee anafanya nini mjini. Karani akajibu haraka, "Huyu hajui Kiswahili, bwana. Ni mpita njia."

Sijui nilipata wapi sauti. "Si mpita njia!" nikasema. Wote wakageuka. Ukanisukuma kidogo mgongoni, ukaninong'oneza, "Sema, wifi. Sema yote."

Nikamwuliza mzee kwa Kimasai, lugha yetu sote wawili, naye akajibu bila kuinua macho. Alikuwa anatazama miguu ya mgeni. Nikatafsiri: "Anasema ameishi hapa tangu watoto wake hawajazaliwa, na sasa ana wajukuu. Anasema pia kiatu chako cha kulia kimeachia soli, ukikivua atakishona."

Nilidhani tutafungwa! Lakini karani alipomfikishia, bwana akatazama kiatu, kimejaa tope la mvua ya jana yake, akacheka, akakaa kwenye kigoda na kukivua. Hapo ndipo nilipokujua wewe ni mtu wa namna gani. Ulinigeukia macho yakiwaka: "Mtu wa kiatu kimoja haendi popote. Nenda kawaite wote!"

Nikakimbia, wifi. Niligonga milango ya watu ambao jana yake nisingethubutu kuwasalimu. Wakaja, fundi na mikono yake ya grisi, mama wa maziwa na kibuyu chake, watoto, hata mgonjwa akabebwa. Kila mmoja ukamtaja kwa jina na kazi yake, na mzee akashona polepole kuliko kawaida yake.

Bwana akauliza, "Hawa wote wametoka wapi?"

Ukamjibu, "Kila mahali, bwana. Lakini jioni wanarudi hapa."

Safari hii karani alitafsiri neno kwa neno. Bwana akatoa daftari, akaanza kuandika.

Jana, tangazo liliposomwa, Mzee Lembris alinishika mkono akaniomba nimweleze kwa Kimasai, kisha nirudie tena. Watu walilitaja jina lako hadi nikaona aibu kwamba hukuwepo kulisikia. Elia anajifanya mtu mzima asiyelia, lakini nilimwona.

Sasa rudi, hata kwa wiki moja. Nina jambo ambalo nimemwambia Elia peke yake: nina mimba ya miezi minne. Mtoto atazaliwa hapa hapa mtaani, na atahitaji shangazi wa kumwambia majirani zake ni akina nani.

Nakukumbatia kwa nguvu zote,

Wifi yako, mke wa Elia