Lile Blanketi Sikuliomba

Mama,

Kamwene, kwa salamu yetu ya nyumbani. Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Tatu za kwanza nimezichana, maana zote zilianza na "natumaini u mzima huko uliko," nikajicheka mwenyewe. Mzima wa nini, wakati msalaba wako kule Kalenga umeshaanza kufutika herufi? Basi nianze hivi: nilikudanganya. Nitafika huko. Nisipoliandika hapa juu nitalizungukazunguka mpaka karatasi iishe, unanijua.

Niko Mlandege, kwa Mama mdogo. Amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, na jana wameruhusiwa kurudi nyumbani. Huyo mtoto ana sauti kuliko ukoo wetu mzima. Kila nikiandika mistari miwili nainuka kumbembeleza, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usinilaumu.

Nipo kidato cha tatu. Habari kubwa ni kwamba shuleni kuna darasa la waoga. Jina lake rasmi ni kikundi cha ushauri, hilo la waoga tumelitunga wenyewe. Tuko sita. Kila Alhamisi baada ya vipindi tunakaa kwenye chumba cha sayansi kimu na Madam Sanga, mwalimu wa ushauri. Aliniita baada ya siku niliyotakiwa kusimama mbele ya darasa nisome kazi ya kikundi, nikatapika pale pale chini ya ubao. Nilijua naenda kuchapwa. Akaniuliza tu, "Umeanza lini kuogopa watu?"

Mama, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Maisha yangu yote niliambiwa nina adabu.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Nisamehe, ila nilikukasirikia wiki nzima. Wageni wakija, mimi nyuma ya mlango, na wewe unawaambia, "Mwanangu hana maneno, ana adabu huyo." Kina mama wa kwaya wanakupongeza, eti umelea. Nikiulizwa jina, unajibu wewe. Dukani unaagiza wewe. Adabu gani, Mama? Moyo unanidunda mpaka masikioni, viganja vimelowa jasho, halafu mnanisifu! Nikadhani kila mwenye adabu anajisikia vile.

Madam Sanga hatuhubirii. Anatupa kazi za kufanya. Ya kwanza ilikuwa kununua kalamu kwenye duka la shule, halafu kuirudisha na kusema, "Samahani, nilitaka nyekundu." Nililizunguka lile duka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nyingine ilikuwa kuvaa sweta nje-ndani kuanzia mstarini asubuhi mpaka chakula cha mchana, tuhesabu wangapi watacheka. Nilijua siku hiyo ndiyo nakufuata. Walioona walikuwa wawili. Mmoja akaniambia, "Sikitu, umegeuza sweta," akaendelea kula makande yake. Basi! Miaka yote hiyo naogopa watu ambao wana makande yao ya kula.

Kisha akatuchoresha ngazi. Chini unaandika jambo dogo linalokutisha, unapanda, mpaka juu kabisa unaandika lile ambalo hutaki hata kulifikiria. Wenzangu waliandika kusoma somo kanisani, kuongea na mkuu wa shule. Mimi juu kabisa niliandika neno moja, blanketi. Madam alilitazama, akasema, "Woga ukiukimbia unanenepa, Sikitu."

Subiri, mtoto analia tena.

Nimerudi. Sasa nakwambia.

Unaikumbuka ile jioni ya kwanza wodini? Tulikimbizwa hospitali kwa bodaboda, hatukubeba chochote ila kitenge chako. Julai, na baridi ya Iringa unaijua. Ulikuwa unakohoa na kutetemeka, ukaniambia, "Sikitu, kawaombe manesi blanketi." Nikaenda. Meza yao haikuwa mbali. Walikuwa wawili, wanaandika. Nikasimama, na "samahani" imenikwama hapa kooni. Mmoja akainua kichwa akanitazama, nikajifanya nasoma tangazo la kunawa mikono ukutani. Nililisoma lote, nikalirudia. Halafu nikarudi kwako nikasema, "Wamesema hakuna."

Ukasema, "Haya mwanangu. Asante kwa kuuliza."

Nilivua sweta langu la shule nikakufunika miguu. Ulitetemeka mpaka kukakucha, Mama mdogo alipoleta blanketi la nyumbani. Siku mbili baadaye ukaondoka. Daktari alisema ni mapafu, yalishachoka siku nyingi. Najua siyo baridi iliyokuua. Najua. Lakini ule usiku mmoja wa kutetemeka ni mimi niliyekupa, na sijamwambia mtu yeyote.

Sasa sikia ya wiki hii. Nilikuwa wodi ya wazazi na Mama mdogo, ametoka upasuaji, akaanza kutetemeka. Hakuniomba kitu. Ananijua, alikuwa anatazama mlango tu akimsubiri mumewe. Nikainuka. Nisikudanganye tena, miguu niliiburuta. Nikafika mezani nikasema, "Samahani nesi, naomba blanketi la mama yangu mdogo." Sauti ikatoka kubwa mno, wodi nzima ikageuka. Nesi akasema kwa upole, "Hakuna, mdogo wangu, yameisha. Mengine yamepelekwa kufuliwa."

Hakuna! Neno lile lile la uongo wangu. Nikataka kucheka. Nikasema moyoni, kumbe hata siku ile ningeomba lingekosekana, nimejitesa bure. Nikageuka kurudi, mwepesi kabisa.

Ndipo mama mmoja kutoka kitanda cha jirani akapaza sauti, "We binti! Njoo uchukue hili, sisi tumekuja nayo mawili. Mbona ulikaa kimya muda wote huo? Mficha uchi hazai!" Wodi nzima ya wazazi ikaangua kicheko, na wenye mishono wakashika matumbo wakilalamika kwamba anawaumiza.

Nikacheka nao. Nikamfunika Mama mdogo. Kisha nikatoka nje, kule kwenye mabomba ya kufulia, nikalia mpaka kamasi. Kwa sababu wodi yako nayo ilijaa watu, Mama. Kila kitanda kilikuwa na ndugu na mabegi yao. Angenisikia mmoja tu.

Bibi bado anawaambia watu kwamba nilikuuguza vizuri. Nikiinamisha kichwa, anasema, "Mwoneni, ana adabu kama mama yake alivyomlea." Siwezi kulisikia tena hilo neno. Jumamosi nakwenda kwake Kalenga, na nakuahidi nitamwambia lile la blanketi kwa mdomo wangu, kabla hajapata nafasi ya kunisifu. Akikasirika, na akasirike. Nauli nimeshaitenga.

Nikitoka kwake nitapita hapo ulipolala. Pumzika, Mama. Ile asante uliyonipa siku ile haikuwa yangu. Niwekee, naja kuiomba.

Mwanao,
Sikitu