Mafuta ya Maandazi Yameganda Njiani

Hilja, dada yangu,

Nakuandikia nikiwa njiani kuja kwako hospitalini, ndani ya gari la mkwe wangu Jorma, lile lenye vitanda na jiko. Nesi atakusomea haya kwenye simu yake.

Jorma hujitengenezea dizeli kwa mafuta yaliyokaangiwa maandazi ya kanisani. Kiangazi chote gari lilikwenda vizuri, likinukia sukari.

"Mama, leo tunasafiri kwa baraka za mchungaji," alinitania tulipoondoka.

Baridi imezigandisha baraka zenyewe hapa msituni. Fundi tuliyempigia simu alimcheka. "Mzee, hiyo sasa ni siagi! Kituoni wanauza dizeli ya mimea inayovumilia baridi. Uliiacha ya nini?"

"Nilitaka kumfikisha mama kwa dada yake kwa mafuta ya mikono yangu," Jorma alijibu, karibu kulia.

Theluji imezidi, hakuna anayepita. Wa kutuvuta watafika kesho, na daktari ameniambia kesho hutakuwapo. Tangu vita vituhamishe kutoka kwetu Karelia tukiwa watoto, wewe ndiye uliyebaki unayeniita kwa jina alilonipa mama.

Ukiweza, Hilja, liite sasa. Nimempigia nesi nami nasikiliza; amesema hatakata simu.

Mdogo wako,
Aune