Tangazo la Pruett na Kichwa Changu

Alhamisi, 14 Januari

Mshenzi yule! Nimejiona kwenye runinga. Baada ya utabiri wa hali ya hewa, supu bado mdomoni — mimi, na koti langu la kijani, pale mgahawani kwa Dottie. Seneta Pruett, huyu anayegombea urais, kanishika mkono. Sauti yake inasema familia za Iowa zinamjua. Halafu mimi naitikia kwa kichwa. Piano. Basi.

Niliitikia, ndiyo. Lakini swali lilikuwa jingine! Nilimwambia usoni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni iliyofunga wodi ya wazazi hapa Orbeck, ndiyo maana binti yangu Corrine akajifungulia barabarani kwenye theluji. Akaniuliza, "Mtoto alifariki?" Nikaitikia. Nettie wetu. Maneno yote wamekata, wameacha kichwa.

Ijumaa, 15 Januari

Tangazo linarudi kila saa. Katikati ya mpira, katikati ya mapishi. Posta wananiita nyota. Arlo, jirani yangu, ndiye kapteni wa watu wa Pruett hapa kwetu. Kaja na bango la kuchomeka uani, anacheka: "Mama Corrine, mbona ulitufichia?" Nimelichomeka — kwenye pipa la taka, yeye akiangalia.

Jumapili, 17 Januari

Corrine hapokei simu. Kapokea mumewe, Dale. Eti Corrine ameliona tangazo, akazima runinga, akaenda kulala mchana kweupe. Anasema mama yake mzazi kamuuza.

Nimelia. Kisha nikapandwa na hasira hata machozi yakakauka.

Jumatano, 20 Januari

Nimepiga simu ofisi ya kampeni. Msichana mpole, sauti ya asali. Eti mlangoni kwa Dottie palibandikwa ilani: ukiingia, umekubali kupigwa picha. "Na umetoka vizuri sana, bibi!" Nimemwambia siku ya mchujo wa wagombea nitatoka vizuri zaidi. Hapa kwetu hakuna kujificha na karatasi ya kura. Tunasimama ukumbini shuleni, kila kundi la mgombea pembe yake, jirani anamwona jirani.

Jumamosi, 30 Januari

Nimempelekea Corrine bakuli la viazi na nyama. Dale kalipokea mlangoni. Pazia la juu lilitikisika. Nikapaza sauti kutoka barabarani: "Jumatatu njoo shuleni! Njoo unione nasimama wapi!" Wachungulie majirani, shauri yao.

Jumatatu, 1 Februari

Naandika nikiwa ukumbi wa michezo wa shule, daftari gotini, wakati wanahesabu.

Nilipoingia walinipigia makofi! Arlo kaninyooshea mkono, pembe yao imejaa. Nimempita. Nimekwenda pembe ya Bi Okerlund, yule mgombea mwalimu mstaafu asiye na pesa za tangazo hata moja. Tuko watatu: mimi na wazee wawili Wahlgren, mke na mume. Wengine wakacheka.

Sasa wametangaza: kundi letu ni dogo mno. Tujiunge na wengine, au twende nyumbani. Na Pruett anakosa mtu mmoja tu kupata mjumbe wa pili kwenye mkutano wa chama. Arlo kaja mbio. "Mama Corrine, usijitie aibu. Nchi nzima imekuona na sisi!"

"Imeona kichwa," nimemjibu. "Mdomo hamkuuonyesha."

Corrine kaingia! Na koti la Dale. Hajaenda pembe yoyote. Kasimama chini ya kikapu cha mpira, mikono kifuani, ananitazama mimi tu.

Mwenyekiti anasema kundi dogo nalo lina dakika yake ya kusema kabla ya kuvunjika. Mama Wahlgren kanisukuma kwa kiwiko: hii ni yako. Arlo anasema hakuna haja, muda umekwenda, tuhesabu tu. Corrine, kutoka kule, kwa sauti ambayo sijaisikia mwaka mzima: "Mwacheni mama aseme."

Wote wamegeuka. Naanza na jina la Nettie. Naweka kalamu chini.