Baba Alipokataa Mtihani wa Bunduki

Baraka mjukuu wangu, mume wangu wa Marekani,

Sisi wa Toronto tu wazima. Mama yako kahamia Brampton. Mimi bado niko Dixon, karibu na uwanja wa ndege, nasikiliza ndege zikitua.

Unauliza kama uungane na wawindaji wenzako kupinga sheria mpya ya leseni na cheti cha usalama wa bunduki. Baba yangu alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe mwitu shambani. Serikali ilipotaka wenye bunduki wafanye mtihani, aliwaka barazani: "Mimi nifundishwe bunduki na vijana?" Akapigiwa makofi. Nyumbani mama alimuuliza tu, "Na yule jirani yetu mlevi mwenye bunduki, naye asipimwe?"

Siku ya mtihani Baba alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Hadi uzeeni aliilaani sheria ile mbele ya kila mgeni, ameketi chini ya cheti chake, alichokitundika juu ya picha ya harusi.

Nisalimie mkeo.

Bibi yako